Mnyoo wa mpira kwenye mikoko ya Takwa

Ami yangu alipouona mara ya kwanza aliushika kwa ncha za vidole viwili kama mtu anayetoa unywele kwenye uji, akaunusa, akauvuta mkia ukarefuka ukarudi, akaniuliza, "Hii mbwani?" Nkamwambia ni chambo. Akanitazama mimi, akautazama tena ule mnyoo wa kahawia wenye chembechembe zinang'aa ndani, akasema kumbe samaki wa Lamu wamepatwa na njaa kiasi hicho, sasa wanakula viatu.

Nieleze kwanza ulifikaje kwetu. Kaskazi ya mwaka juzi kuna mgeni mmoja Mmarekani alikuwa amefikia Shela, mtu mzima, mpole, kofia pana ya nyasi, tukamchukua siku tatu na kiboti chetu cha injini. Huyu bwana kwao havui bahari kabisa, anavua ziwani, na maisha yake yote ni samaki mmoja tu, besi. Si besi ya spika za matatu jamani, ni samaki wa maji matamu, wa kijani kijani, ana mdomo mkubwa hata kwao anaitwa hivyo hivyo, mdomo mkubwa. Siku ya kwanza tulimtoa nje ya Manda bahari kuu akatapika mpaka nkamwonea huruma, siku ya pili tukamwingiza ndani kwenye mito ya mikoko ambako maji yametulia, na hapo ndo akafungua begi lake. Minyoo ya mpira, mijusi ya mpira, kamba wa mpira, vingine vina mikia kama kasia, rangi kama za pipi za maulidi. Mi nlicheka moyoni. Alikamata tewa wawili na kolekole mmoja wakati mimi na kamba wangu wa kweli, mbichi, wa kununua, nimekaa tu nalisha samaki wadogo. Alipoondoka akaniachia nusu ya begi na maneno mengi, na maneno ndo yalikuwa na faida kuliko begi.

Maneno yenyewe yalikuwa juu ya joto. Kwao kiangazi ni Juni mpaka Agosti, na anasema watu wengi wanaofikiri wakati wa joto besi hali ni kwa sababu wanamtafuta saa sita mchana mahali walipompata wakati wa baridi. Samaki hana moto wake mwenyewe mwilini, anapata joto la maji aliyomo, maji yakipanda digrii 27, 28, mwili wake unafanya kazi mbio na anataka kula zaidi, si kidogo. Shida ni mbili: jua, na hewa. Maji ya moto hayashiki oksijeni nyingi kama maji ya baridi. Kwa hivyo anakula alfajiri, anakula magharibi, anakula usiku, na mchana anajibanza penye kivuli, chini ya gati, chini ya magugu yaliyotanda juu ya maji, ama anateremka kwenye kina. Lakini hata kina kina mpaka wake, manake maziwa mengi ya kule wakati wa joto yanagawanyika matabaka, ya juu moto na ya chini baridi, hayachanganyiki, na lile la chini hewa yake inaisha kidogo kidogo mpaka samaki hawezi kukaa. Basi besi anakaa juu kidogo ya huo mpaka, kama mtu aliyelala sebuleni kwa sababu juu kuna joto na chini kuna mbu. Na samaki aliyejibanza hivyo hafukuzi kitu kinachopita mbio. Anataka kitu kimwangukie mbele ya pua, polepole, kama kilichochoka.

Hapo ndo mpira laini unapoingia, na si kwa sababu unafanana na mnyoo. Mwingine haufanani na kitu chochote alichoumba Mola. Kuna ule unaitwa Senko, kijiti tu kinene, hauna mkia hauna miguu, ukiuona dukani utadhani ni kalamu, lakini ndani wametia chumvi nyingi ili uwe mzito, ukiutupa hata bila chubwi, ule uzito wa kuzamishia uzi, unazama taratibu na ncha zake mbili zinatetemeka. Basi. Hiyo tu. Na besi akiubana mdomoni unaponda kama nyama, hauwi mgumu kama samaki wa mbao, kwa hivyo hautemi upesi, na wewe unapata nafasi ya sekunde moja mbili kumvuta.

Jambo hili si jipya. Mwaka 1949 kule Akron, Ohio, jamaa mmoja aitwae Nick Creme alipika plastiki jikoni kwake akamimina kwenye kalibu akatoa mnyoo laini wa kwanza kuuzwa kwa maana ya kuuzwa, na baadae biashara ikahamia Tyler, Texas. Texas muikumbuke, tutairudia.

Sasa turudi Lamu. Kaskazi yetu, kuanzia Disemba mpaka Machi, ndo kiangazi chetu. Bahari imelala, upepo wa kaskazini mashariki, mchana ukikanyaga mchanga wa Shela bila ndara unaruka kama mbuzi. Lakini kwetu maji hayagawanyiki matabaka kama ziwa, kwa sababu hayapati nafasi ya kulala, siku za bamvua, yale maji makubwa, yanapanda yanashuka karibu mita tatu, mara mbili kwa siku, yanachanganya kila kitu. Kwa hivyo mi nilipojaribu kufuata maneno ya mgeni neno kwa neno, kutafuta kina, nlipoteza wiki nzima. Nilichokuja kuelewa ni kwamba kivuli chetu ni mikoko na mpaka wetu ni maji kupwa. Samaki mkubwa wa mtoni hakai kwenye kina mchana, anakaa kwenye mizizi, na maji yanapoanza kutoka anasogea mdomoni mwa vile vijito vidogo vinavyomwaga kutoka ndani ya mikoko, anangoja kinachotoka. Kamba, vidagaa, kaa wadogo, vyote vinalazimika kupita pale, kama abiria wote wanavyopita kwenye kingazi kimoja cha gati.

Mahali nilipojifunzia ni njia ya Takwa, kisiwani Manda. Wanaojua magofu ya Takwa wanajua ile njia, mto mwembamba unaingia katikati ya mikoko na chombo kinafika tu maji yakiwa yamejaa. Na bamvua ya kwetu, mwezi mwandamo ama mwezi mpevu, maji yanajaa alfajiri na yanajaa tena jioni, kila siku yanachelewa kidogo. Hii ni rehema kubwa kwa mvuvi wa kaskazi, kwa sababu unaingia na maji yaliyojaa kabla ya jua, na yanaanza kutoka saa ileile samaki ana hamu na maji bado yana ubaridi wa usiku. Saa mbili na nusu asubuhi kazi imekwisha. Ukimwona mtu anavua mikokoni saa sita mchana na jua la Februari, mwombee dua.

Lakini mizizi! Mwenye kuvua mikokoni anajua, ndoana mbili kati ya tatu zinabaki kwenye mkoko. Wazee wetu kwa hilo walikuwa wanavua katikati ya mto na mshipi wa mkono, wanangoja samaki atoke. Na hapa ndo Texas inarudi, manake maziwa mengi ya Texas ni mabwawa, wamefunga mto maji yakapanda yakazamisha misitu mizima, miti imekufa imesimama ndani ya maji na besi wanakaa humo humo kwenye matawi. Yaani ni mikoko tu ile, ila maiti. Na wao wakatafuta dawa.

Dawa yenyewe ni hii, na nitaieleza polepole kwa sababu nimeona watu wengi wanaikosea. Unachukua chubwi dogo lenye umbo la risasi ya bunduki, limetobolewa katikati, unapitisha uzi ncha iliyochongoka ikiangalia juu, kule kwenye fimbo ya kuvulia. Kisha unafunga ndoana ambayo shingo yake imepinda kama ngazi, si ndoana ya kawaida. Unaichoma ncha katikati ya kichwa cha mnyoo, unaingiza kiasi cha kucha ya kidole kidogo, unaitoa ubavuni. Unavuta ndoana yote ipite mpaka ile shingo iliyopinda ikae ndani ya kichwa, unaizungusha nusu mzunguko, sasa ncha inaangalia tumbo la mnyoo. Ulaze mnyoo kando ya ndoana uone ncha inafika wapi, hapo hapo ndo pa kuchoma, si mbele si nyuma, na unaizika ncha ndani ya mpira bila kuitokeza upande wa pili. Ukiushika mkiani ukautikisa lazima uning'inie umenyooka kabisa. Ukiwa umejikunja hata kidogo, utazunguka majini kama pangaboi, uzi utajisokota na hakuna samaki mwenye akili atakayeugusa. Mimi ya kwanza nlifunga mara sita ndo ikanyooka, na jasho.

Ukishaufunga sawa unautupa katikati ya mizizi na unapita. Unapanda juu ya mzizi, unaanguka upande wa pili, tup. Siku ya kwanza uliporuka mzizi bila kunasa nlicheka peke yangu ndani ya boti kama mwendawazimu.

Kosa langu kubwa, na naliona kwa kila mtu ninayempa fimbo, lilikuwa haraka. Sisi tumezoea kuvuta. Ukiburura nyuma ya boti kutafuta nguru, mwendo ndo kila kitu, nguru anataka kitu kinachokimbia. Tewa wa mikokoni ni mvivu wa kizazi. Utupe juu ya mkondo, mdomoni mwa kijito, uache maji yenyewe yaubebe mnyoo, na wewe unakula ulegevu wa uzi tu, hugusi rili, kile kigurudumu cha kukunjia uzi. Ukigota chini, inua fimbo kiasi cha shubiri mbili, iteremshe, ngoja. Ngoja tena. Nlikuwa nahesabu mpaka kumi kimoyomoyo, nikaona nahesabu mbio, nikabadilisha nikawa nasoma Qul huwallahu mpaka mwisho ndo nainua. Mdundo ukaja sawasawa.

Na akishika hafanyi vurugu. Unahisi kama mtu amegonga mlango mara moja kwa kifundo cha kidole, tok, kisha uzito. Wenzetu wa besi wanasema mpe nafasi kidogo ndo umvute. Msiwafuate kwa hilo. Besi ukimchelewesha anatema, tewa ukimchelewesha anarudi shimoni, anatanua mashavu anajikaza, na hapo utavuta mpaka uzi ukatike na yeye yuko palepale anakutazama. Tok ile ya kwanza, vuta, na usimpe hata nusu mita. Ndio maana uzi wangu ni wa kusuka, haunyumbuki, na mbele nafunga kama pima moja ya nailoni nene kwa ajili ya chaza waliokwama kwenye mizizi, wale ni viwembe.

Nisiwadanganye kwamba yote yalikwenda vizuri. Mwezi wa pili niliacha vile vipakiti ndani ya kikopo cha plastiki ngumu, nyuma ya boti, mchana kutwa, Februari. Kumbe mpira huu, plastisoli, haukai na kila plastiki, mafuta yanayoufanya uwe laini yanatoka na yanakula kikopo. Nlipofungua nlikuta minyoo ya kijani imeshikana na ya waridi imekuwa donge moja na kikopo chenyewe kimenata kimelainika kama haluwa. Karibu nilie. Kila rangi ikae kwenye pakiti yake iliyokuja nayo, kivulini, na mkia uliojikunja usiutupe, uchovye kwenye maji ya moto ya chai uunyooshe uulaze juu ya ubao, unarudi.

Baada ya hasara hiyo, kwa vile dukani kwetu vitu hivi huvipati na kuagiza ni ghali, nikajifanya fundi. Nkachukua ndara iliyotupwa na bahari, nikaikata kwa wembe umbo la samaki mdogo, mkia mzuri kabisa, nikaipaka hata macho. Nikafikiri, hapa Lamu ndara zilizookotwa ufukweni na plastiki nyingine za taka zilijenga jahazi zima, Flipflopi, lilishushwa majini Septemba 2018 na mwaka uliofuata likasafiri mpaka Zanzibar, sasa mimi nishindwe na samaki mmoja? Nikautupa. Ukaelea. Chubwi likazama, ndara ikabaki juu inaangalia mbingu, uzi umesimama wima. Kwani nilitarajia nini, kitu kile kile kilichofanya jahazi lielee. Ami alikuwa nyuma ya boti, hakusema neno, akavuta koti lake juu ya kichwa akawa anatikisika mabega.

Na siku tuliyokwama yeye hakucheka. Samaki walikuwa wanashika, mimi nikawa nasema moja tu la mwisho, moja tu la mwisho, kisha nikasikia chini ya boti sauti ile ya kukwaruza ambayo kila mtu wa hapa anaijua. Saa mbili na dakika. Mto umekuwa mfereji, mfereji umekuwa tope, na sisi tumekaa juu ya tope mpaka baada ya adhuhuri, chupa moja ya maji, na mbung'o si mbung'o mbu si mbu wale wadudu wa mikokoni wanaouma hata juu ya shati. Ami akaniambia, "Mwanangu, samaki wako ana mpira, na wewe ubongo wako je?" Tangu siku hiyo naweka kijiti kwenye tope nikifika, maji yakishuka kiasi cha kiganja tunageuza boti, awe anashika ama hashiki.

Watu wananiuliza kama huo mpira unashinda kamba wa kweli. Wakati mwingine hapana. Maji yakiwa na tope baada ya mvua, harufu inashinda, tia kamba. Nilimsomea ami habari ya besi mkubwa wa rekodi ya dunia: wa 1932, Georgia, George Perry, ratili 22 na aunsi 4, na rekodi hiyo ikakaa hivyo hivyo mpaka Julai 2009 Manabu Kurita kule Ziwa Biwa, Japani, alipotoa mwingine wa uzito kama huo huo, kilo kumi na kidogo, wakahesabiwa wako sawa. Ami akauliza huyo Mjapani alitumia mpira rangi gani. Nkamwambia hakutumia mpira, alitia samaki hai. Wallahi alicheka mpaka akakohoa, na habari hiyo alfajiri ya pili ilikuwa imeshafika uwanja wa Mkunguni mjini, na kila ninayekutana naye ananiuliza kama nimeshapata samaki hai.

Lakini faida ya mpira ni kwamba samaki wadogo hawaumalizi. Kamba mbichi unatupa, dakika mbili imebaki ndoana tupu, hujui hata nani amekula. Mpira unabaki pale unamngojea mwenyewe. Isipokuwa bunju. Bunju ana meno kama koleo, hashiki ndoana, anakuja nyuma taratibu anakata mkia, duara safi kabisa kama umekatwa na mkasi, na ukishaona mkato ule hama mahali, usipoteze minyoo yako. Mzia naye anakata lakini anakata mshazari na kwa kishindo, angalau yeye unajua amekuja.

Hiyo mikia inayokatwa inanikera kwa jambo jingine. Serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki 2017 na sote tukazoea, kisha mimi nakuja na plastiki ya kutupa majini kwa makusudi. Iliyochanika siitupi, naiweka mfukoni narudi nayo, na yenye kichwa kizima nairekebisha, ukiipitishia kiberiti pande mbili zilizokatika zikayeyuka kidogo ukazibana, zinashikana. Usifanye ndani ya nyumba, moshi wake mbaya, na mke wangu alishanitoa nje mara moja.

Naivasha nimevua mara moja, nilikwenda kwa harusi, nikalipa boti kwa saa mbili. Besi wako kule tangu miaka ya 1920, walipopandikizwa kutoka Marekani. Nilitaka tu kumwona huyo mwenye mpira wake. Ziwa liko juu sana, alfajiri nilikuwa na koti na bado natetemeka, kaskazi ya kule si joto ninalolijua mimi. Nilitupa mnyoo wa kahawia kando ya mafunjo, nikasoma Qul huwallahu, tok. Alikuwa mdogo, kama kiganja na vidole. Mdomo kweli mkubwa. Nikampiga picha nikamrudisha, na nahodha akanishangaa mtu ametoka Lamu kuja kutupa kitoweo.

Ile picha nilimwonyesha ami. Akaitazama sana, akasema huyu ni tewa aliyesoma bara. Kisha akaniomba mnyoo mmoja uliokatika, akauunga mwenyewe kwa kiberiti, akautia kwenye mshipi wake wa mkono na chubwi lake la siku zote, bila fimbo bila rili, akautupa kijito cha tatu kutoka magofuni, palepale ambapo miaka yote alikuwa anapapita kwa sababu ya mizizi. Tewa aliyemtoa alitosha nyumba mbili. Mpaka leo anasema ni mahali, si mpira. Mahali penyewe amenikataza kuwaambia watu, kwa hivyo huo utatu wa kijito msiuamini sana.

Jumamosi hii mwezi unaandama, maji yatajaa karibu na adhana ya alfajiri. Minyoo ya kahawia imebaki mitatu, na mmoja ami ameshauweka mfukoni mwake.